Nyayo Nisizoziona

Jumatatu, 5 Januari

Nimerudi kliniki nimechoka kama niliyetoka kulima. Foleni ndefu, mabenchi magumu. Sukari imepanda tena. Daktari hakunigombeza, ameandika tu na kugeuza karatasi. Afadhali angenigombeza.

Kisha nikapelekwa chumba cha miguu. Ni kipya hicho. Muuguzi wa humo ni dada mnene, mcheshi, ana uzi wa plastiki mgumu kama wa kuvulia samaki. Akaniambia nifumbe macho, kila akinigusa unyayoni niseme nasikia. Nikasema nasikia. Nikasema tena nasikia. Akasema, mama, mara zote mbili sijakugusa. Sasa hivi ndiyo nakugusa, mbona umenyamaza?

Nikafumbua macho. Kweli, uzi umejipinda chini ya kidole gumba, umezama kwenye nyama, na mimi sina habari.

Anasema ni sukari ya miaka mingi. Mishipa ya kuhisi imekufa ganzi. Mguu upo, unatembea, lakini hauleti habari nyumbani. Nikamwambia, basi umefanana na mwanangu. Akacheka.

Masharti yake: nisitembee peku hata ndani ya nyumba. Kiatu nikikung'ute kabla ya kukivaa. Katikati ya vidole pawe pakavu. Maji ya moto – hapana. Wembe kwenye sugu – hapana. Na kila jioni nitazame nyayo, zote mbili. Nikamwambia magoti yangu hayakunjiki, na macho ya karibu niliyamaliza kwenye kutunga uzi sindanoni. Akauliza, nyumbani unakaa na nani? Nikasema sina mtu. Halafu nikaona uongo wa siku hiyo umeshakuwa mwingi, nikasema nakaa na mke mwenzangu.

Akacheka mpaka uzi ukamdondoka. Akasema, haya, mpe salamu zangu.

Sijazifikisha.


Jumanne, 6 Januari

Nimejaribu kioo. Nimekiweka sakafuni, nikakaa kitandani, nikainua mguu juu yake. Nimeona dari. Dari linataka rangi.

Bi Mdogo alikuwa uani anafua. Nilimsikia akiimba kwa chini chini, akaacha niliposogeza kiti. Ndivyo tulivyo. Marehemu mume wetu alipomleta aligawa nyumba kwa ukuta wa mbao: mimi mbele, yeye nyuma. Majiko mawili, bomba moja. Marehemu amekwenda zake, ukuta tumeuacha. Hatugombani. Asubuhi – shikamoo dada. Marahaba. Maji yametoka? Yametoka. Basi, siku imekwisha.

Watu hudhani wake wenza hupigana. Sisi tulichoka mapema.


Alhamisi, 8 Januari

Sare, sare, sare. Mwalimu anayesimamia sare amepiga simu asubuhi na mchana. Sketi za marinda bado rundo zima. Shule haingoji mgongo wa mtu.

Nakanyaga peku. Najua. Lakini cherehani ya miguu haikanyagwi kwa kiatu, mshono unayumba kama mlevi. Muuguzi hajui kushona.

Mgongo. Shingo. Nalala.


Jumamosi, 10 Januari

Niandike tu.

Nilikuwa nashona mikanda ya sketi. Bi Mdogo akapita kwenye ujia akielekea dukani – mlango wa nje uko upande wangu, lazima apite. Akarudi kinyumenyume. Akasimama mlangoni. Hajawahi kusimama pale kwa muda.

"Dada, nani anatoka damu?"

Nikamwambia sijui, labda paka. Akasema paka haachi alama ya kisigino na vidole. Akanyoosha mkono. Nikatazama sakafu. Kutoka bombani hadi kwenye kiti changu, alama, alama, alama. Nyingine zimeshakauka.

Akaweka kikapu chini, akapiga magoti, akaushika mguu wangu wa kulia kama mtu anayeokota kitu cha mwenyewe bila ruhusa. Akaugeuza. Nikasikia pumzi yake ikikatika.

Pini. Pini yangu ya kushikizia kitambaa, ile ya kichwa cheupe, imeingia yote pale chini ya kidole gumba. Kichwa tu ndicho kinachoonekana, na chenyewe kimelala ndani ya sugu kama kifungo kilichoshonwa. Nimetembea juu yake. Nimekanyagia kanyagio juu yake. Tangu lini? Sijui. Jana? Juzi?

"Ngoja, nakwenda kukutafutia mtu," akasema. Nikamwambia mtu gani, ichomoe. Akasema itauma. Nikamwambia haitauma. Akaichomoa amefumba macho yeye, mimi nimeyafumbua. Imetoka imepinda. Ikafuata damu, na nyuma ya damu kitu kingine, cha manjano.

Mimi sikusikia kitu. Yeye ndiye aliyelia.


Jumatatu, 12 Januari

Kliniki. Bi Mdogo amenisindikiza, sikumwomba. Amekaa benchi la pili, kana kwamba amekuja na shida zake.

Muuguzi wa miguu hakucheka leo. Amekata sugu kwa kisu kidogo, amesafisha, shimo limeonekana refu kuliko nilivyotaka kulitazama. Anasema kidonda kinachouma humlaza mwenye nacho, humpumzisha kwa lazima. Changu hakiumi, kwa hiyo mimi nitaendelea kukitembelea mpaka kiingie mfupani. Kwa hiyo lazima akili ifanye kazi ya maumivu. Nimelipenda neno hilo, ingawa limenichosha.

Vidonge vya kuua usaha. Kiatu cha ajabu, kina soli nyuma tu, mbele kinaelea, nitembelee kisigino. Na cherehani – basi. Mpaka kidonda kifunge. Nikauliza ni lini. Akasema, wiki. Nikauliza ngapi. Akasema, wewe nipe mguu uliotulia, mimi nitakupa jibu.

Halafu akamwita Bi Mdogo kutoka benchi la pili. Hakuuliza ni nani. Alimwonyesha: kufungua bandeji, kuosha kwa maji safi yenye chumvi aliyotupatia, kukausha, kufunga bila kubana. Atazame wekundu, joto, uvimbe, harufu. Na mguu wa pili pia, kila siku, kwa sababu ndio unaobeba mzigo wote sasa. Bi Mdogo anaitikia kwa kichwa tu. Ameshika kikapu chake kifuani.

Tukarudi. Kwenye mlango akasema, "Nitakuja baada ya kuoga." Kisha akaongeza, "Uwe umeshakaa."


Jumatano, 14 Januari

Anakuja kweli. Analeta kigoda chake, miwani yake na taulo yake. Anaukalisha mguu wangu mapajani mwake na kuwasha taa ya simu. Mimi natazama ukuta wa mbao.

Ni aibu ya aina yake. Marehemu mwenyewe hakuwahi kuishika miguu yangu hivi.

Nimempa mashine yangu ya kupima sukari aishike wakati natafuta kidole cha kuchoma. Ameikodolea macho kama bomu.


Jumapili, 18 Januari

Leo ameongea.

Alikuwa anakausha katikati ya vidole, polepole, kimoja baada ya kimoja. Akasema bila kuinua kichwa, "Lile gauni ulilonishonea lilinibana kwapani."

Sikuelewa. Akasema, "La harusi."

Ikabidi nikumbuke, na kukumbuka kunachosha. Marehemu aliniletea kitambaa cheupe kizuri, akasema ni cha mteja, anamwoza binti yake, hana nafasi ya kuja kupimwa. Vipimo nilipewa na marehemu mwenyewe, kwa mikono hewani: kifua hivi, kiuno hivi. Nikacheka wakati ule, nikamwambia mbona unamjua vizuri binti wa watu. Nikashona. Nikaweka na lesi yangu shingoni, nilimwonea huruma bibi harusi asiye na mama wa kumpeleka kwa fundi. Wiki iliyofuata nikamwona bibi harusi anashushwa mlangoni kwangu, na lesi yangu shingoni.

Nilimwambia, "Ulijua kuwa ni mimi niliyeshona?"

"Nilijua siku ile ile. Nilipokuona unanitazama shingo badala ya uso."

Taa ya simu ilikuwa inanipiga machoni. Nikamwambia vipimo vilikuwa vya hewani, kwapa ningeligusaje? Akasema, "Na mimi nilidhani umefanya makusudi. Miaka yote hii."

"Ningefanya makusudi lingepasuka mgongoni mbele za watu," nikamwambia. "Mimi ni fundi."

Akacheka. Mguu wangu ukatikisika mapajani mwake. Sijui alikuwa na umri gani siku ile. Alikuwa mtoto tu, nadhani. Sikuwahi kumuuliza.

Kidonda, anasema, kimeanza kupungua pembeni.


Jumanne, 27 Januari

Muuguzi amefurahi. Nyama mpya nyekundu, safi. Sukari imeshuka pia, maana Bi Mdogo sasa anapika chungu kimoja na kunipakulia yeye. Nilimuuliza ni kwa nini ananipakulia kama mtoto. Akasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikamwambia hiyo methali haikusaidii wewe, imekuita zimwi. Akasema anajua.

Lakini amekuwa askari. Nikisimama – wapi? Nikienda bombani – kiatu kiko wapi? Amekusanya pini zangu zote kwa sumaku na kuzifungia kwenye kopo la maziwa ya unga. Amelaza cherehani, ameifunika shuka kama maiti. Mikono yangu inawasha kwa kukaa bure. Mwalimu wa sare amempa mtu mwingine nusu ya kazi. Nusu bado ananingoja. Anasema wazazi wanataka mkono wangu.


Jumamosi, 31 Januari

Binti wa Bi Mdogo amejifungua. Mbali, safari ya kutwa. Ameondoka alfajiri. Kabla ya kuondoka amenifunga bandeji mpya, ameniachia nyingine zimepangwa mezani, na amemwagiza jirani wa kulia aje kila jioni. Alisimama mlangoni na begi lake akiniangalia kama mtu anayeacha jiko linawaka.

"Utakaa?"

Nikamwambia nitakaa.

Jirani amekuja. Amefungua, ametazama haraka, amesema kimepona hiki, amefunga. Ana watoto wake.


Jumanne, 3 Februari

Nyumba kimya. Sikujua ule wimbo wake wa uani huwa nausikiliza.

Mwalimu amepiga simu. Watoto wengine wanarudishwa nyumbani kwa kukosa sare, anasema, na nikihesabu ni wale wa sketi zangu. Sauti yake haina ukali, na hiyo ndiyo mbaya.

Nimeifunua cherehani. Nikajiambia, kisigino tu. Muuguzi alisema nitembelee kisigino, na kukanyaga kwa kisigino si kutembea? Nilianza na sketi moja nione. Kisigino hakiwezi mdundo, kinachelewa. Sketi ya pili mguu wenyewe ukasogea mbele, mahali ulipozoea. Niliuona. Nikauacha.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na raha. Sikuwa nimeona raha hiyo tangu mwaka uanze. Ule mlio, kitambaa kinakwenda, mimi sichungwi na mtu.


Alhamisi, 5 Februari

Sketi zimekwisha. Mwalimu amezichukua, ameshukuru.

Nina baridi kidogo. Uchovu tu. Jirani hakuja leo wala jana, mtoto wake ana homa. Bandeji imelowa kidogo mbele. Nimefunga nyingine juu yake.

Sukari asubuhi ilikuwa juu sana. Nimepima tena. Ile ile.


Ijumaa, 6 Februari

Amerudi jioni. Ana vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu, simu mkononi anataka kunionyesha picha ya mjukuu. Alifika mpaka katikati ya chumba.

Akasimama. Tabasamu likaondoka lenyewe. Alikuwa ananusa.

Mimi sikuwa nimesikia harufu yoyote. Nilikuwa nimekaa nayo, nimeizoea.

Hakuvua hata kitambaa cha kichwa. Alipofungua bandeji ya juu akakuta ya chini, akanitazama. Ya chini haikutaka kutoka. Akailowanisha, akaivuta kidogo kidogo. Kidole gumba kimevimba kama nyanya, rangi ya zambarau, na wekundu umepanda hadi nusu ya mguu. Shimo limefunguka upya. Akatazama cherehani. Shuka nilikuwa nimeirudisha, lakini nimeikunja tofauti na yeye.

Sijawahi kumsikia akipaza sauti katika nyumba hii. Hata siku ya msiba.

"Mimi napiga magoti kila jioni! Magoti yangu mazima? Hujaniuliza hata siku moja magoti yangu yana nini! Halafu wewe unangoja nigeuke ukacheze ngoma juu ya cherehani?"

Nikamwambia, watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani.

"Warudishwe! Wana miguu ya kurudia!"

Kisha akakaa chini pale pale sakafuni, begi lake bado begani. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa natetemeka kwa homa, meno yanagongana, ikaonekana kama nacheka. Akaja akanifunika na kitambaa chake cha safari, akapiga simu kutafuta gari.


Jumatatu, 9 Februari

Wodini. Kitanda cha dirishani. Dripu mbili. Homa imeshuka, kichwa kimerudi mahali pake, mkono unaweza kuandika.

Wamepiga picha ya mguu. Daktari wa upasuaji, kijana wa sauti ndogo, ameishika juu kwenye mwanga na kunionyesha. Mfupa wa kidole gumba umelika kwa ndani kama ubao ulioingiwa na mchwa. Anasema damu bado inafika mguuni vizuri, hiyo ndiyo bahati yangu. Akikiondoa kidole sasa, na kipande kidogo cha mfupa nyuma yake, mguu unaweza kubaki. Tukingoja, usaha utapanda. Baadaye hatatazama kidole tena, atatazama goti.

Nilimuuliza kama ananiahidi. Akasema hapana. Akasema, ninachoweza kukuahidi ni kwamba sitakata zaidi ya ninachohitaji.

Mama wa kitanda cha jirani amekatwa chini ya goti. Naye alianzia kidoleni. Ananiambia kila akigeuka, kana kwamba ni salamu.

Nimemwambia daktari nitafikiri.


Jumanne, 10 Februari

Muuguzi wa zamu alimuuliza Bi Mdogo, wewe ni nani wake? Akajibu, mke mwenzake. Wodi nzima ikageuka. Baada ya hapo kila muuguzi alipata sababu ya kupita hapa. Mmoja aliuliza kama chakula anachoniletea huwa anakionja kwanza. Bi Mdogo akasema, "Sina haja ya kumtilia sumu, mwenyewe anajitosha." Walicheka sana. Mimi pia, kidogo.

Jioni mwanangu alipiga simu. Bi Mdogo ndiye aliyeshika, nilikuwa nachomwa sindano. Aliweka sauti ya nje. Akasema mama asikubali, wakianza kidole watamaliza mguu, ndiyo kawaida yao. Yeye atakuja Jumamosi, kuna mtu amemwambia dawa ya majani inayokausha. Bi Mdogo akasema daktari anataka kufanya Alhamisi. Mwanangu akamwambia asiwe msemaji. Akamwambia, wewe si mama yangu, na huyo si ndugu yako.

Bi Mdogo hakukasirika. Alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa bei.

"Kweli," akasema. "Lakini nikikufunika macho na kukupa nyayo kumi uzishike, ya mama yako utaijua? Mimi nitaijua."

Simu ikakatika. Sijui ni yeye au mtandao.

Baadaye nikamuuliza Bi Mdogo, ungekuwa wewe? Akasema hawezi kujibu, si mguu wake. Akaondoka kwenda kuosha vyombo. Alirudi macho mekundu, anasema ni sabuni.


Jumatano, 11 Februari

Sijalala vizuri. Siogopi kisu, sitakisikia hata bila ganzi, nadhani. Naogopa kile kiti cha magurudumu cha mama wa jirani. Naogopa Jumamosi. Mwanangu atakuja amechoka kwa safari, atasimama pale miguuni, atatazama bandeji badala ya uso wangu.

Lakini nimeitazama picha ile tena. Nimekata vitambaa maisha yangu yote. Kitambaa kikiingiwa na nondo upindoni, hukikunji ukasema hewala. Unakata kabla hawajafika katikati.

Daktari alipopita nikamwambia Alhamisi sawa. Akauliza kama familia imekubali. Nikamwambia mguu ni wangu.

Bi Mdogo alikuwa anasuka ukili wa kikapu chake uliofumuka. Akaendelea kusuka, akakosea, akafumua.

Sijampigia mwanangu.


Alhamisi, 12 Februari

Asubuhi. Sijala, hairuhusiwi. Wamepima sukari, wamesema inatosha, tunakwenda. Wamenivalisha gauni la hospitali, limeshonwa vibaya, mshono wa bega umepishana. Nimemwonyesha Bi Mdogo. Akasema nyamaza.

Muuguzi wa miguu amekuja kutoka kliniki, amepanda ngazi zote hizo na unene wake. Anasema nikipona nitapata viatu vya kutengenezwa, na nitarudi kwake kila mwezi, na kazi yangu bado ipo lakini kwa cherehani ya umeme, mguu wa kushoto kwenye swichi. Nikamwambia mguu wa kushoto haujui kazi. Akasema utafundishwa.

Simu imeita. Mwanangu. Imeita mpaka ikaacha. Sasa inaita tena. Iko mezani, mimi naandika. Bi Mdogo anaitazama simu, ananitazama mimi, haigusi.

Wamekuja na kitanda cha magurudumu, vijana wawili. Bi Mdogo amewaambia wangoje. Wanasema daktari ameshajiandaa. Amewaambia wangoje. Amevaa miwani, amefunua shuka upande wa kushoto, huu mguu mzima ambao hakuna aliyeuuliza kitu tangu tuje. Ameuinua. Anapitisha kidole katikati ya vidole, kimoja kimoja, halafu pembeni, halafu nyuma. Kidole kimesimama kisiginoni. Amebonyeza. Amewasha taa ya simu yake.

Anasema kisigino kimekuwa chekundu, na wekundu hauondoki akibonyeza. Anamuuliza muuguzi wa zamu ni nani aliyemlaza mtu siku zote hizi kisigino kikisugua kitanda. Anauliza kwa upole sana. Mmoja wa wale vijana amesema, mama, tunachelewa. Bi Mdogo hajaushusha mguu. Ameukumbatia mkononi kama mtoto aliyelala, anasema yeye hana haraka, na hapa haondoki mtu mpaka uletwe mto wa kukiinua kisigino.

Muuguzi amekwenda kutafuta.